Mkole Nyuma ya Ukuta

Kondo bin Hija aliuza shamba lake la Mikoroshoni mwaka mmoja kabla ya kufa, na kwa mizani ya wanaume hakukosea jambo. Alimzungusha mnunuzi mipakani, akamwonyesha mikorosho inayozaa na ile iliyochoka, akamkumbusha kwamba makaburi ya upande wa bondeni hayamo katika biashara na kwamba njia ya kisimani ni ya watu wote. Mnunuzi, Revelian, mkaguzi wa hesabu katika shirika moja la umma, aliridhika. Kitu kimoja tu Kondo hakukitaja, kwa sababu hakukijua: kwamba ule mti mfupi uliopinda katika pembe ya kaskazini, usio na kivuli cha maana wala ubao wa kupasua, ndio mkole ambao wanawali wa Mikoroshoni walitolewa chini yake tangu kabla yeye hajazaliwa.

Siri ya unyago hutunzwa na wanawake dhidi ya wanaume, na Mikoroshoni ilitunzwa vyema kupita kiasi. Kondo alikulia jirani na mti ule, akalima kandokando yake utu uzima wake wote, akaufungia mbuzi, akala matunda yake, na mwishowe akauuza pasipo kujua ameuza nini. Dada yake Mwamvita, kungwi wa kitongoji, alikuwa ameketi barazani siku ya mauziano akichagua mchele. Angeweza kusema. Lakini kuutetea mti mbele ya wanaume kungemlazimu aeleze sababu, na sababu ndiyo hasa aliyoapa kutoitoa. Akanyamaza, akiamini, kama walivyoamini watu wote wa pale, kwamba shamba likiuzwa hubaki lilivyo na kubadilika jina la mwenyewe tu.

Imani hiyo haikudumu. Fukwe za Mbezi zilikuwa zimekwisha kujaa, na wenye fedha, ambao sasa walikuwa wameruhusiwa kuwa nazo, wakaanza kupanda juu kuelekea Wazo, wakifuata saruji pale inapotoka kiwandani. Miaka michache nyuma, mtumishi wa umma mwenye nyumba ya pili alitakiwa ajieleze. Sasa aliyetakiwa ajieleze ni yule asiyekuwa nayo. Revelian, ambaye shirika lake lilikuwa likikaguliwa kwa bidii zaidi kadiri lilivyokaribia kufa, hakutaka kuwa na la kujieleza. Alijenga ukuta wa matofali ya saruji kabla ya nyumba, jambo lililowastaajabisha wenyeji, ambao kwao ukuta ulikuwa sehemu ya nyumba na si salamu kwa jirani. Kisha ikaja nyumba yenyewe, kisha geti la chuma. Mkole ukabaki ndani.

Mwamvita aliliona hilo likitendeka tofali kwa tofali na hakufadhaika sana. Mtoto wa mwisho kuchezwa unyago alikuwa ametolewa zamani kidogo, kwa kuwa wasichana wa siku hizo walisoma kwanza na kuchezwa baadaye, na ukuta una geti. Alifadhaika mwezi wa Rajabu, pale mjukuu wake Raudha alipokuwa tayari amewekwa ndani, na posa imepokewa, na siku ya kutolewa imepangwa iwe Jumapili ya pili ya Shaabani, kabla ya mfungo. Asubuhi moja alipita karibu na geti lililokuwa wazi, akaona kamba imefungwa kwenye vigingi vinne. Mkole ulikuwa katikati ya kamba.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, mama. Shikamoo," akasema Revelian. Alikuwa amevaa kaptura ya kazi na kalamu sikioni.

"Marahaba, baba. Naona kamba. Unajenga tena?"

"Banda la kuku. Kuku wa kisasa, hawa wa mayai. Mjini watu wote wanafuga sasa. Fundi anakuja wiki ijayo, tunautoa huu mti, tunaanza msingi."

"Usiutoe."

"Kwa nini, mama?"

Mwamvita alikuwa amejiandaa kwa hasira, na kwa hasira angekuwa na jibu. Hakuwa amejiandaa kuulizwa kwa adabu.

"Dawa," akasema.

"Dawa ya nini?"

Wanaume wa Mikoroshoni, mwanamke mzee akitamka neno dawa, hawaombi ufafanuzi. "Ya tumbo," akasema Mwamvita.

Revelian aliufikiri ule mti, kisha akamfikiri yule mama. Alikuwa mtu wa haki, na hapo ndipo penye tabu. Mtu mbaya angekuwa mwepesi zaidi. "Basi nitamwambia fundi aung'oe mzimamzima," akasema, "mizizi, magome na majani, tukuletee hadi nyumbani. Usije ukapata taabu ya kutembea na umri huo."

Mwamvita akashukuru, na akaenda moja kwa moja kwa Shomari.

Shomari alikuwa mjumbe wa nyumba kumi na mtoto wa mama mdogo wa Mwamvita. Vyeo vyote viwili vilimpa haki ya kusikiliza kila ugomvi wa pale, na cha pili kilimnyima haki ya kukataa.

"Dada, nenda nami taratibu," akasema. "Mti wenyewe ni wa nini?"

"Wa wanawake."

"Wanawake wanaufanyia nini?"

"Wee Shomari! Mvi zote hizo kichwani, unaniuliza mie swali la kitoto?"

"Si nataka kuelewa! Nitamwendeaje msomi yule? Nimwambie mti usikatwe, sababu siijui, na anayeijua hasemi?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Atanicheka."

"Kicheko hakikati mti. Nenda."

Shomari alikwenda, lakini njiani ujumbe ule ulimwonekea mwembamba mno, akaunenepesha. Alimweleza Revelian kwamba mti una jini, jini mkongwe mwenye asili ya Kilwa, asiyependa kelele za nyundo. Kwa Mzaramo mwenzake lingekuwa jambo la busara. Revelian alisikiliza hadi mwisho, akamwandalia chai, kisha akamjulisha kwamba yeye ni Mkatoliki wa tangu babu, na kwamba kama habari hiyo ni kweli basi hakuna sababu ya kungoja wiki ijayo. Atamwomba katekista aje asali pale keshokutwa asubuhi, na fundi aingie na shoka mara baada ya sala.

"Umeniokolea mti, mdogo wangu," akasema Mwamvita alipoletewa habari. "Ulikuwa na siku saba za kuishi, umeupunguzia hadi mbili. Kalale."

Raudha aliyasikia hayo yote kutoka chumba cha ndani, mahali ambapo mwali husikia kila kitu kwa sababu hana kingine cha kufanya. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alizisoma mara kwa mara zile kurasa za gazeti zilizofungiwa sukari dukani, na kuukubali kwake unyago kulikuwa kwa namna ya mtu anayekubali chanjo.

"Bibi, mikole si ipo mingi? Kule bondeni nimeiona mwenyewe."

"Ipo."

"Sasa?"

Mwamvita alikuwa akimpaka liwa mikononi, na hakuacha kupaka. "Mama yako alisimama chini ya huu. Nilimfunika kanga mwenyewe. Alikuwa na kijasho hapa puani, kama chako. Kule bondeni hakupajua."

Shamimu, mama wa msichana huyo, alifariki Raudha akiwa bado anabebwa. Nyumbani mle hapakuwa na picha yake hata moja. Raudha akauliza kwa sauti nyingine:

"Kwa nini usimwambie mke wa mwenye kiwanja?"

"Hajachezwa yule."

"Lakini si mwanamke?"

"Uanamke wenyewe ndio huo haujamaliziwa."

Kauli hiyo, aliyoitoa bila kuitafakari, ilimkaa Mwamvita usiku kucha kama mwiba wa samaki. Sheria ilikuwa wazi: siri haiambiwi mwanamume, wala mtoto, wala mwanamke asiyechezwa. Kwa sheria hiyo Demetria, mke wa Revelian, aliyeitwa na wengi Mama Gladness, alihesabiwa pamoja na watoto. Hata hivyo alikuwa mkunga wa hospitali, na vichanga vingi vya Mikoroshoni vilipita mikononi mwake vikiwa bado vinateleza. Alikuwa amezaa wanne wa kwake. Na alipopita njiani watoto halisi walimkimbilia kumpokea mkoba. Mwamvita hakuwa mtu wa kutilia shaka sheria. Aliona tu kwamba walioitunga hawakuwahi kukutana na Mama Gladness.

Asubuhi akamfuata. Demetria alikuwa ametoka zamu, bado na gauni jeupe, ameketi uani akimenya ndizi kwa kasi ya mtu aliyekulia kazi hiyo. Revelian alikuwa kazini. Wakasalimiana, Mwamvita akaletewa kigoda.

"Bibi," akasema Demetria, macho yakiwa kwenye kisu, "umekuja kwa ajili ya mti."

"Nani kakwambia?"

"Kwanza ulikuwa dawa ya tumbo. Jana ukawa na jini la Kilwa. Mti wenye kazi nyingi namna hiyo, kazi yake ya kweli ni ile isiyotajwa."

Mwamvita akaitazama ardhi. "Siwezi kukwambia, mwanangu."

"Usiniambie. Mimi nilipokuwa naolewa, kwetu Kamachumu, shangazi yangu alijifungia ndani na mimi. Yale aliyonieleza, Baba Gladness hayajui mpaka leo. Na ameuliza sana."

"Aliuliza?"

"Huyo? Anauliza kila kitu. Ndiyo kazi anayolipwa."

"Nshomile," akasema Mwamvita, akilitumia neno ambalo watu wa pwani huwatania nalo Wahaya wote, waliosoma na wasiosoma.

"Nshomile haswa," akasema Demetria, akacheka hadi ndizi ikamponyoka. Akaiokota. "Niambie mawili tu. Unautaka lini, na nani asiwepo."

Ilikuwa mara ya kwanza, tangu kamba ile ifungwe, mtu kuuliza swali ambalo lina jibu. "Jumapili ya pili ya Shaabani," akasema Mwamvita. "Wanaume wasiwepo. Watoto wasiwepo." Akasita. Yeye hakuwa mwoga wa maneno, lakini alikuwa ameketi juu ya kigoda cha mwenye nyumba. "Na wewe usiwepo."

Kisu kikasimama.

"Mimi? Kwenye kiwanja changu?"

"Ndivyo ilivyo, mwanangu. Sikuitunga mie."

Demetria akaweka kisu juu ya maganda. Alitazama ukuta, akatazama geti, akatazama ule mti uliopinda ambao mpaka juzi ulikuwa wake bila matata. Kuku wa jirani walisikika. Mwamvita akajua kwamba neno moja zaidi kutoka kwake lingeuangusha mti au kuusimamisha.

"Hakuna namna nyingine?" akauliza Demetria.

"Namna ipo moja."

"Ipi?"

"Uwe mwali."

Demetria alimkodolea macho, kisha akalipuka kwa kicheko ambacho wazazi wa wodini kwake wangekitambua. "Bibi! Nina miaka arobaini na mitano! Binti yangu yuko kidato cha pili!"

"Mkole haujui kidato."

Mwamvita hakuwa akifanya mzaha, wala hakuwa akitoa heshima tupu. Alikuwa amefikiri usiku mzima. Kwa desturi ya kwao mwali hamkatalii kungwi wake jambo, si mwaka huo wala mwaka mwingine wowote maadamu wote wawili wako hai. Na mwenye funguo za geti akiwa mwali, swali la mti halitaulizwa tena. Nia njema na hesabu si lazima vigombane. Mara nyingi huishi nyumba moja.

"Nitafikiri," akasema Demetria, akijifuta machozi. "Kwanza tuuondoe mti kwenye kamba."

Aliuondoa jioni hiyohiyo, na kwa namna ambayo Mwamvita, aliposimuliwa, aliiona inastahili kungwi. Hakumwambia mumewe neno juu ya mti, wala juu ya jini. Alimwita dirishani mwa chumba cha kulala, akamwuliza kaskazi huvuma kutoka upande gani. Kisha akamwuliza kuku wa kisasa wengi kiasi hicho hunuka namna gani. Kisha akaenda kupika. Revelian alisimama dirishani muda mrefu, akatoka na kamba yake, akapima upya, na wakati wa chakula akamweleza mkewe kwa utaratibu mzuri kwa nini banda haliwezi kujengwa pembe ya kaskazini. Demetria alimpinga kidogo, kwa adabu. Revelian alipomshinda, aliona hakuna tena haja ya katekista, kwa sababu jini, kama lipo, halisumbui mahali ambapo hakuna kazi ya kufanywa.

Jumapili ya Shaabani ilipofika, Shomari alimchukua Revelian alfajiri kwenda Kimbiji kuangalia shamba. Haikuwa hila tupu. Shamba lilikuwepo na mwenyewe alikuwa akiliuza. Revelian alikuwa tayari na hamu, kwani kiwanja cha kwanza humfunza mtu kutamani cha pili. Watoto wakapelekwa kwa ndugu Magomeni. Geti likafunguliwa upande, na wanawake wa Mikoroshoni wakaanza kuingia na ngoma zao, vyungu vyao na kanga zao mpya.

Mwamvita alisimama katikati ya ua, akazunguka taratibu, na jambo moja likamjia ambalo hakulitarajia. Miaka yote ya nyuma walikuwa wakiweka wanawake porini kulinda, na miaka yote wavulana walipanda mikorosho kuchungulia, na kila mara nusu ya ngoma ilikatizwa kwa mbio na matusi. Sasa palikuwa na ukuta wa matofali pande zote, umepakwa plasta vizuri, na juu yake chupa zilizovunjwa. Wazee wao hawakuwahi kupata faragha ya namna hii. Mkaguzi wa hesabu aliwajengea bila kuombwa, kwa fedha yake, akidhani anawazuia.

Raudha aliingia akiwa amebebwa mgongoni na Tabu, msaidizi wa kungwi, mwanamke mwenye mgongo uliobeba wanawali wa kitongoji kizima. Kanga ilimfunika hata miguu. Vigelegele vikapasuka. Tabu alipomtua, sauti ikasikika nyuma, karibu na mlango wa jikoni.

"Na mwali wa pili anabebwa na nani?"

Demetria alikuwa amevaa kanga kifuani na nyingine mkononi, tayari kufunikwa. Vichwa vyote vikageuka. Tabu alimtazama kuanzia juu hadi chini, bila haraka, kama mtu anayekadiria gunia.

"Bi Mwamvita," akasema, "mgongo huu nauhitaji kesho."

"Unaogopa, Tabu?" akauliza Demetria.

"Siogopi, dada. Nakisia. Hizo ndizi zote za Bukoba zimekaa wapi kama si hapo?"

"Umenibeba mara ngapi hata ujue? Mimi wanao wote wawili nimewabeba kabla yako!"

Kicheko kilichofuata kilivunja kitu ambacho hakuna aliyekitaja. Tabu akainama, mwingine akashika kiuno, wa tatu akashika miguu, na mwenye kiwanja akaingizwa katika kiwanja chake kwa shida, akiyumba kama kabati linalohamishwa, huku wanawake wakimwimbia nyimbo ambazo hakuzielewa na zilizomhusu yeye. Akatuliwa kando ya Raudha. Msichana, chini ya kanga yake, akasikika akisema kwa sauti ndogo, "Karibu, mama," na akakemewa hapohapo, kwa sababu mwali hasemi.

Mwamvita aliwainamia wote wawili na kuwapa amri ya kwanza. Yatakayosikika kutoka nje hayawahusu. Akiita baba, hawajibu. Akiita mama, hawajibu. Raudha alikuwa na wiki nyingi za kujifunza hilo. Demetria alilisikia leo.

Yaliyofuata ni yao. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa Wazo, na vumbi la kiwanda limetulia, wakati geti lilipogongwa.

"Mama Gladness! Fungua, ni mimi!"

Ngoma zikakatika. Mwenye shamba wa Kimbiji, ilijulikana baadaye, alikuwa amekwenda harusini na hakuacha maagizo.

"Mama Gladness! Mbona mmejifungia? Kuna nini humo ndani?"

Wanawake wote walitazama kanga moja. Mwamvita naye aliitazama. Alimjua mwanamke huyo kuwa mtu wa sauti, aliyezoea kujibu usiku na mchana kila anapoitwa, kwa kuwa katika kazi yake asiyejibu huua. Akaona kanga ikitikisika kidogo, kichwa kikiinuka chini yake kuelekea geti.

Nje, Shomari alifika akihema. "Mzee, twende kwangu. Kahawa ipo jikoni, na kashata."

"Mjumbe, hili ni geti langu."

"Lako, nani kabisha? Mie mwenyewe dada yangu yumo humo, nami siingii."

"Wanafanya nini?"

"Sijui."

"Hujui? Si umezaliwa hapahapa?"

"Nimezaliwa hapahapa," akasema Shomari. "Ndiyo maana sijui."

Mtu aliyezoea kupewa vielelezo akasikika akisogea karibu zaidi na geti. "Mama Gladness?" akaita Revelian tena, safari hii kwa sauti ya chini, karibu ya kuomba.

Ndani ya kanga, kichwa kilichoinuka kikashuka. Kikatulia. Mkono mnene ukatokeza ukingoni, ukapapasa pembeni, ukaupata mkono wa Raudha na kuushika. Demetria hakujibu.

Hatua za watu wawili zikasikika zikiondoka, moja ya viatu na moja ya makubazi, na sauti ya Shomari ikieleza bei ya mashamba ya Kimbiji. Mwamvita akangoja mpaka zilipopotea. Sasa hakuwa tena na sababu ya kumuuliza mtu yeyote kama mti utakuwepo mwakani. Akamwashiria Tabu, na ngoma ikaendelea pale ilipokatikia.